Betri Nne za Redio ya Mama

Mama yangu huanika betri juani. Naanza na hilo ili nisionekane mkorofi kabla hujajua nilikuwa napambana na nini. Nyuma ya nyumba yetu, huku Nyegezi, kuna jiwe kubwa lililolala bapa, na likishapigwa na jua la saa nne huwezi kulikanyaga peku. Hapo ndipo mama huanika dagaa wetu wa wiki. Pembeni ya dagaa, kwenye kifuniko cha sufuria, hupanga betri zilizokwisha. Mchana huzigeuza kama anavyogeuza dagaa. Jioni huzirudisha redioni, redio inaongea nusu saa nzima, naye ananitazama tu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Najua kwa nini betri iliyokwisha ikipata joto hutoa pumzi ya mwisho, na najua kwamba pumzi hiyo ni ya mwisho kweli. Nimemweleza mama. Nimemchorea kwenye daftari: kopo la zinki, unga mweusi ndani yake, kijiti cha kaboni katikati. Aliitazama picha ile kwa heshima zote, akasema, "Sasa si inaongea?" Na kweli ilikuwa inaongea. Hakuna kinachonikera kama mtu aliyekosea hesabu halafu akapata jibu.

Tunaishi wawili tu, maana watoto wangu wako vyuoni. Redio yenyewe ni ndogo ya kubeba mkononi, inakula betri nne za saizi ya kidole. Tundu lake la waya wa umeme lilikufa zamani, kwa hiyo bila betri ni kopo tupu. Mama huenda nayo kila mahali: jikoni, kwenye jiwe lake, hata chooni. Usidhani anasikiliza mpira au muziki. Anasikiliza matangazo ya vifo. Mara tatu kwa siku, kituo kimoja cha huku kwetu Kanda ya Ziwa husoma nani amefariki, anazikwa wapi na lini, na habari zimfikie nani wa Kisesa, nani wa Magu, nani wa Sengerema, popote walipo. Wakati huo huruhusiwi hata kukohoa.

Alikuwa na sababu. Mama alikuwa na rafiki, na ninaposema rafiki namaanisha mmoja. Walikaa meza moja kuuza dagaa pale Kirumba utoto wangu wote. Mmoja akijifungua, mwenzake anauza kwa ajili ya wawili. Mimi na binti wa yule mama tulibebwa kwa zamu kwenye migongo ile miwili, na sijui nani alinibeba zaidi. Yeye alikuwa Mkerewe. Moyo ulipoanza kuchoka na miguu kuvimba, watoto wake wakamrudisha kwao Ukerewe. Nilikuwapo bandarini siku walipoagana. Alimshika mama mkono akamwambia, "Nimeshawaambia watoto. Siku hiyo jina lako lisomwe la kwanza. Mtu mwingine asiniogeshe." Mama akajibu, "Nitakuja nikuogeshe mwenyewe." Wakasemeshana hivyo kama watu wanaopanga kwenda kusaga mahindi, kisha mama akarudi nyumbani akawasha redio. Kwa desturi ya kule mtu akifa leo huzikwa kesho, kwa hiyo mama alikuwa na nafasi moja tu: asikie siku hiyohiyo, apande boti ya asubuhi.

Utaniuliza simu. Nilimnunulia simu! Ndogo, ya vitufe, yenye herufi kubwa. Aliizima siku ileile, akaifunga kwenye kanga na kuiweka sandukuni ili isimalize chaji. Kila nikimpigia haipatikani. Nikirudi nyumbani nikilalamika, ananieleza kwa upole kwamba chaji imo yote, haijapungua hata kidogo. Laini ikakaa bila kutumika mpaka ikafungwa, nami namba yangu sikuwahi kufikiria kuwapa watoto wa rafiki yake. Nilipomwambia kwamba siku ya tatizo watoto wa rafiki yake wangempigia, alinijibu, "Kifo hakipigiwi simu. Kifo kinatangazwa." Sikio la kufa halisikii dawa, nikamwachia.

Basi zikabaki betri. Mama alikuwa akinunua mbilimbili kwenye duka la jirani, na kwa kuwa redio inataka nne, mbili mpya alizichanganya na mbili za kwenye jiwe. Nikamwambia mbichi na mbovu haziwekwi pamoja, mbovu inainyonya mbichi. Akajitia hamnazo. Siku moja redio ikanyamaza, nikaifungua, nikakuta betri moja imetapika majimaji na springi zote zimeota kutu ya kijani. Nilikaa Jumapili nzima nikizisugua kwa ndimu na mswaki wa zamani, mama akiwa amekaa mbele yangu anauliza kila baada ya dakika tano kama matangazo ya saa saba tutayawahi.

Kilichonimaliza kabisa ni mpapai. Nilikuwa napalilia shina lake, jembe likagonga kitu, kumbe ni betri. Nikachimba zaidi, nikatoa betri za miaka mingi, nyingine zimepasuka, nyingine zimebaki maganda ya bati na unga mweusi. Mapapai yale tulikuwa tunakula. Mvua ikinyesha Nyegezi maji yote yanateremka ziwani, na ziwani ndiko wanakotoka hao dagaa wanaokuja kuanikwa pembeni ya betri nyingine. Nilimwita mama nikamwonyesha. Nilihutubia. Nadhani hata nilimwambia afungue macho. Alilitazama lile lundo la sumu, akasema, "Zile tatu za juu hazijaisha vizuri."

Jumamosi iliyofuata nikashuka Nyamagana kununua betri za kuchaji. Muuzaji aliniapia, "Mama, hizi utawaachia wajukuu." Ubavuni zilikuwa zimeandikwa uwezo mkubwa ajabu, namba ambayo mwanafunzi wangu angeiandika kwenye mtihani ningemkata alama. Niliiona, nikaipita. Nilitaka kushinda ugomvi wa nyumbani kuliko nilivyotaka ukweli. Nikanunua nne na chaja yake, na nilipofika nyumbani nikakusanya betri zote za mama, mbovu za kwenye jiwe pamoja na mpya nne alizokuwa ameficha kwenye kopo la chumvi. Jumatatu nikazipeleka shuleni na kuzifungia kabati la maabara, eti ni za majaribio. Ukutani nikabandika ratiba ya kuchaji. Ndiyo, ratiba ya betri, niliipigia mistari kwa rula.

Mama alizichukia betri zile tangu siku ya kwanza, na chuki yake ilikuwa na hoja, jambo ambalo lilinikera zaidi. "Za dukani zinakuaga," alisema. "Msomaji anaanza kuongea kama ana mafua, sauti inashuka, unajua una siku mbili za kutafuta nyingine. Hizi zako zinakata tu. Ledio inaongea, mala kimya. Ndiyo adabu gani?" Nikamweleza kwamba huo ndio uzuri wake. Betri ya kutupa huanza na volti moja na nusu, kisha inashuka taratibu mpaka inazimika. Ya kuchaji ina volti moja na nukta mbili, ndogo kidogo, lakini inaishikilia hapohapo karibu mpaka mwisho. Haipotezi nguvu njiani. Mama akafikiri, akauliza, "Kwa hiyo utajuaje kama zinakwisha?" Nikamwambia hutajua, ndiyo maana kuna ratiba.

Naomba nikiri na la saa, kwa kuwa mama hataacha kulisema. Nilikuwa nimenogewa, nikaweka betri ya kuchaji hata kwenye saa ya ukutani. Saa inakula umeme kidogo sana, betri ya kutupa ya bei rahisi inaisukuma mwaka mzima. Ile ya kuchaji hujimaliza yenyewe hata ikikaa bure, hasa za aina ile. Ikasimama. Nikachelewa kipindi cha kwanza, mkuu wa shule akanitolea macho, nikasingizia foleni. Nikaichaji, ikasimama tena. Mwishowe nikanunua betri moja ya kutupa, nikaipachika nyuma ya saa kimyakimya. Jioni mama alikuwa anapepeta mchele. Bila kuinua kichwa akasema, "Saa yako naona inakula za dukani."

Halafu siku moja nikarudi kutoka kazini nikakuta betri zangu nne za kuchaji kwenye kifuniko cha sufuria, juu ya jiwe, katikati ya dagaa. Zilikuwa za moto kiasi cha kunibabua vidole. Moja ilikuwa na alama za meno. Nilipiga kelele mpaka jirani yetu, mama mshona nguo, akachungulia juu ya ukuta kutazama kuna nini. Betri ya kuchaji haianikwi, joto linaiua, na wala haing'atwi, kuna watu wamepofuka hivyo! Mama aliningoja nimalize. "Umeme ulikatika tangu asubuhi," akasema. "Nilikuwa nazipa nguvu." Tangu siku hiyo hazikushika chaji vizuri tena, nami tangu siku hiyo nikawa na mtu wa kumlaumu kila zilipokata. Kwenda kununua nyingine sikwenda. Kurudisha zile za kwenye kabati la maabara ndiyo kabisa, ingekuwa kama kunyoosha mikono juu.

Nimefika kwenye Jumatano yenyewe. Usiku wa kuamkia siku hiyo umeme ulikuwa umekatika, na nilipoamka chaja ilikuwa haina taa yoyote, ya kijani wala nyekundu. Sikujua umeme ulikatika saa ngapi. Huenda betri zilikuwa zimechajiwa saa sita, huenda nusu saa. Nilikuwa nimechelewa, nina madaftari kwapani, nikazichomoa nikazipachika redioni. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Akauliza, "Zimejaa?"

Nilipumua ile pumzi ya kumchoka mtu. "Zimejaa, mama. Zimejaa kabisa."

Niliporudi alasiri alikuwa amekaa kwenye kibenchi cha nje, redio iko mapajani inaongea kwa sauti kubwa, na pembeni yake kuna pakiti ya betri za dukani iliyochanwa. Kwenda dukani ni kuteremka kilima na kupanda tena, na magoti ya mama si ya kuteremka na kupanda. Vumbi lilikuwa limemfika kwenye pindo la kitenge.

"Zimekata kwenye matangazo ya saa saba," akasema. "Amesema 'tunasikitika kutangaza', zikakata."

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilichukua zile betri za kuchaji nikazinusa, nikazigeuza, nikamuuliza, "Umezianika tena?"

"Sijazianika."

"Mama, sema kweli."

"Sijazianika, mwanangu. Wewe ulisema zimejaa."

Nikamwambia hilo ni tangazo moja tu, watu wanakufa kila siku, na kama ni jambo la maana litarudiwa jioni. Jioni tulisikiliza wote wawili. Walisoma vifo vya watu tusiowajua. Nikasema, "Umeona?" Mama akazima redio, akaenda kugeuza ugali. Sikukumbuka, au sikutaka kukumbuka, kwamba tangazo hulipiwa kila linaposomwa, na kwamba si kila familia inamudu zaidi ya mara moja.

Siku iliyofuata, saa kumi na moja hivi, tulikuwa uani tunachambua mchicha. Jirani yule mshona nguo akachungulia juu ya ukuta, safari hii uso umelegea kwa huruma. "Shikamoo mama. Pole sana na msiba," akamwambia mama. "Jana nilisikia wamekutaja, nikajua leo mko Ukerewe. Kumbe mmesharudi? Maana walisema mazishi ni leo saa nane."

Mama hakuangua kilio. Aliendelea kushika shina la mchicha alilokuwa ameshika. Kisha akauliza swali moja tu. "Walinitaja wa ngapi?"

"Wa kwanza," jirani akasema. "Wa kwanza kabisa."

Nilisimama nikaingia ndani, nikaanza kubandua ile ratiba ukutani. Gundi ilikuwa imeshika, karatasi ikatoka vipandevipande, nami nikawa nakwangua kwa kucha nikijitukana kwa sauti ndogo. Nilimkasirikia muuzaji wa Nyamagana, nikamkasirikia aliyekata umeme, nikamkasirikia mama kwa simu yake iliyofungwa kwenye kanga. Nilizunguka kwa watu wote hao kabla ya kukubali kufika kwangu.

Ijumaa asubuhi niliomba ruhusa kazini, tukapanda boti. Njia nzima mama hakusema kitu kuhusu betri. Aliniuliza kama nimebeba sukari ya kutoa rambirambi, akaniuliza tena. Mimi niliandaa maneno. Nilikuwa nimeamua kwamba tukifika nitasimama mbele ya watoto wa marehemu na kueleza yote, la umeme, la chaja na la jibu nililompa mama asubuhi ile. Nina mdomo, kila mtu anayenijua atakwambia.

Kaburi lilikuwa bado bichi, mashada hayajanyauka. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani chini ya turubai. Binti wa marehemu, yule wa migongo miwili, alitoka kutupokea. Alimpa mama shikamoo kwa kupiga goti kama inavyotakiwa, lakini mkono aliutoa upesi. Tulipokwisha kukaa akaanza kusimulia, macho yake yakiwa kwenye mkeka.

"Tulikungoja, mama. Boti ya asubuhi ilipotia nanga tulikuwa na mtu pale bandarini. Hukushuka. Tukasema labda umepanda gari ukazunguka kupitia Bunda. Akina mama wakataka kumwogesha tangu mapema, nikawakatalia, nikawaambia mwenye kazi hiyo yuko njiani. Imefika saa sita. Mchungaji akasema hatuwezi kungoja zaidi. Ikabidi nimwogeshe mimi." Akanyoosha ukingo wa mkeka. "Sikujua hata kama tangazo lilikufikia."

Mahali pa kusema palikuwa hapo. Nilivuta pumzi.

"Lilinifikia," mama akasema.

Niligeuka kumtazama. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani.

"Lilinifikia, mwanangu. Nilisikia vizuri, na jina langu nililisikia, mlinitaja wa kwanza. Ni haya magoti. Magoti ndiyo yalikataa."

Yule binti akayatazama magoti ya mama, yaliyokuwa yamepanda boti na kuteremka boti na kutembea kutoka barabarani mpaka pale, siku moja tu baada ya mazishi. Wanawake wawili nyuma yake wakatazamana. Mmoja akavuta kanga yake mabegani, akageukia upande mwingine.

"Hamna neno, mama," binti akasema, kwa sauti ya mtu mwenye neno.

Kisha akanigeukia mimi. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi. "Na wewe, mwalimu? Hata wewe hukuweza kumleta?"

Nilihisi mkono wa mama ukigusa mgongo wangu, kidogo tu, chini ya kanga, pasipoonekana na mtu. Nikasema siku hiyo nilikuwa na vipindi mpaka saa tisa. Na kweli nilikuwa navyo.